Nilivyopima Nyeupe kwa Macho Mabovu

Mkitaka kujua kama TV ina picha nzuri, msianze na rangi. Rangi ni kama mwenyeji mchangamfu: anakupokea kwa kicheko, anakushika mkono, lakini ukitaka kujua hali ya nyumba ile, chungulia jikoni. Anzeni na nyeusi. Tafuteni picha ya mtu aliyevaa koti jeusi, mwone kama mikunjo ya koti inaonekana au koti lote limegeuka shimo. Halafu tafuteni kitu kilichonyooka, nguzo ya goli au fremu ya mlango, mwone kama kinapinda kikikaribia pembe za kioo. Kisha tazameni sura za watu. Mwisho kabisa, pimeni nyeupe.

Nyeupe ndiyo nusura inimalize, vijana wangu. Leo nimestaafu, ninyi mnaniletea maswali ya TV za ukutani nyembamba kama kitabu, na mimi nacheka, nawajibu. Lakini kila mkisema "Mzee Magesa, wewe una jicho," moyo unaruka. Nataka niwaambie kwa nini.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Lutonja, Msukuma wa Magu, mtu mfupi mwenye sauti ya chini kama redio yenye betri zilizochoka. Alikuwa na karakana ndogo Mabatini, hapa Mwanza, chumba kimoja chenye harufu ya risasi ya kulehemu. Mimi nilitoka Majita nikiwa najua redio tu. TV zilikuwa chache, na wenye nazo walizitumia kutazama kanda za video. Lutonja alinifundisha mambo mawili. La kwanza, kuogopa nyuma ya TV, kwa sababu kile kioo cha zamani kilikuwa chupa kubwa iliyotunza umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomoa waya ukutani. La pili, kutoogopa kuonekana mjinga. Alipopima nyeupe alichukua karatasi safi, akaisimamisha kando ya kioo mahali inapopata mwanga wa dirishani, akalinganisha.

"Jicho linazoea, Magesa," aliniambia. "Ukikaa kwenye moshi nusu saa, husikii tena halufu. Usiamini langi. Amini kalatasi."

Nilikuwa namcheka matamshi yake nikifika nyumbani. Mjita kumcheka Msukuma kwa matamshi! Mungu anaona.

Lutonja aliporudi kwao kulima pamba aliniachia karakana, na muda si mrefu milango ya biashara ikafunguliwa. Mliozaliwa baadaye hamwezi kuelewa. Mji ambao sabuni ya kuogea ilikuwa habari, ghafla maduka yakajaa TV hadi nje barazani. Minofu ya sangara ikaleta watu wenye hela mkononi, nao walitaka TV kubwa. Kisha zikaja zile za kioo bapa. Zile za mwanzo kioo kilikuwa na kitambi. Hizi mpya hazikuwa nacho, ila nyuma zilikuwa na mgongo kama wa kiboko, na ziliinuliwa na wanaume wanne wakilaumiana.

Hapo mimi nikawa mtu. Mteja hanunui mpaka Fundi Magesa aje atazame. Nilikuwa naingia dukani, muuza duka ananyamaza. Nawaambia waigeuze TV ielekee mashariki, kisha kaskazini, nione kama rangi zinahama, kwa sababu vioo vikubwa vile vilisumbuliwa hata na usumaku wa dunia. Bwana mmoja wa Nyakato aliweka spika mbili kubwa ubavuni mwa TV yake, msoma habari akawa na shavu la kijani. Mkewe alikwisha kumwita mtu wa maombi. Nilisogeza spika, nikakizungushia kioo koili yangu ya kuondoa usumaku, shavu likapona. Yule mtu wa maombi akaniomba nimfundishe.

Sifa zile ndizo zilizonifanya niache karatasi. Mteja akimwona fundi anatoa karatasi mfukoni anadhani hajui kazi. Mimi nilitazama tu, nikakunja uso, nikashika rimoti. TV zile mpya zilikuwa na ukurasa wa siri wa mafundi, unaufungua kwa kubonyeza namba kwa mpangilio fulani, kisha unapandisha nyekundu, kijani au buluu. Nilipandisha buluu mpaka nyeupe ikawa nyeupe pe. Kwa macho yangu.

Kulikuwa na dalili, sikatai. Veneranda, mke wangu, alinunua shuka nyeupe nikamwuliza kwa nini amechagua zenye rangi ya maziwa. Alinitazama akadhani ni utani. Taa za magari zilianza kuwa na ndevu usiku. Wateja wawili watatu walisema, "Fundi, mbona watu wamepauka?" Niliwaambia ni dishi, ni kanda, ni umeme mdogo. Nilikuwa na jibu kwa kila mtu, na kila jibu lilinifanya nilale vizuri.

Halafu ikaja kazi ya Nansio, kule kisiwani. Mama Bigambo alikuwa na ukumbi wa mabati karibu na soko, akionyesha mpira na video mchana. Alikuwa mwanamke mpana, mpole, asiyependa maneno mengi. Alikuja Mwanza, nikampimia TV ya kioo bapa kubwa kuliko zote dukani, tukaivusha kwa meli ikiwa imefungwa magodoro, nikaifunga ukumbini na kuitengeneza rangi. Aliniamini kabisa. Aliweka pale jasho lake la miaka.

Baada ya wiki tatu alinitumia ujumbe kwa mtu aliyekuja na meli: "Fundi njoo haraka. Watu wangu wamekuwa maiti."

Nilikwenda nikiwa na hasira kidogo. Nilimkuta amesimama mlangoni mwa ukumbi. Mchana kweupe, mabenchi yote yako wazi isipokuwa wazee watatu waliokaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kama watu waliojiandaa kukimbia.

"Za safari, fundi."

"Njema, Mama Bigambo. Kuna nini?"

"Wavuvi wamekataa kuingia. Wanasema wanaijua rangi ile."

"Rangi ipi?"

Hakujibu yeye. Mzee mmoja alijibu kutoka nyuma, akinionyesha kwa fimbo mwanamuziki aliyekuwa anaimba kwenye kioo. "Yule. Ni rangi ya mtu aliyetolewa ziwani siku ya tatu. Sisi tumeshawabeba. Wewe unatuwekea ukumbini watuchezee ngoma."

Nilitazama. Wallahi nilimwona mtu mzima kabisa, ana afya, jasho linamtoka. Nikasema kwa sauti ya kitaalamu kwamba picha iko sawasawa, kwamba ni macho yao yaliyozoea TV mbovu. Mzee yule alisonya. Mama Bigambo hakusonya. Alikwenda kwenye meza yake ya tiketi, akatoa rimu ya karatasi, akaichana mbele yangu, akavuta karatasi moja. Akalifungua dirisha la upande wa kioo, akaiweka pale pembeni ya picha.

"Mimi si fundi," alisema. "Lakini nyeupe naijua ni hii."

Niliisogelea ile karatasi. "Mama Bigambo, hii imekaa sana. Imeshakuwa ya njano."

Wale wazee watatu waligeuka kunitazama.

"Fundi," alisema taratibu, "si umeniona naifungua sasa hivi?"

Nilifumba jicho la kulia, karatasi ikawa chai ya maziwa. Nilifumba la kushoto, ikawa na nafuu kidogo, kama maziwa yaliyodondokewa na chai. Nilirudia. Nikarudia tena, kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya mtumbwi kupinduka.

Mama Bigambo aliwaambia wazee watoke kidogo. Walipotoka akaniuliza, "Magesa, unaona nini?"

Ndugu zangu, hapo ndipo ningepaswa kusema. Nilimdanganya. "Jua la ziwani limenichosha macho. Nipe dakika tano."

Nikafanya alichonifundisha Lutonja. Niliacha kutafuta nyeupe ya kichwani mwangu. Nilishusha buluu kidogo kidogo mpaka kioo kikafanana na karatasi. Mimi niliona picha iliyochovywa kwenye chai. Nilijua nimeiharibu. Lakini wazee waliporudi, yule mwenye fimbo alisimama katikati ya njia, akasema, "Haya. Sasa huyu yuko hai."

Walipiga makofi. Sijawahi kupigiwa makofi yaliyonitisha kama yale.

Kwenye meli ya kurudi nilisimama ukingoni nikijipima. Yangeyange, wale ndege weupe, walikuwa wamejaa juu ya mawe. Kila mmoja alikuwa wa njano. Shati la baharia, njano. Povu la maji nyuma ya meli, njano. Baba yangu alikufa kipofu Majita. Nilikuwa namwongoza kwenda chooni, mkono wake begani kwangu, akiuliza kila asubuhi kama kumekucha. Hakuna aliyewahi kutuambia ugonjwa wake una jina. Tulisema tu, macho yamekwisha. Nilikuwa na watoto wanne shuleni na kazi moja duniani, na kazi yenyewe ilikuwa kutazama.

Mnadhani nilikwenda hospitali? Nilijificha. Miezi miwili nilijificha. Nilirudisha karatasi nikawaambia wateja ni mbinu mpya kutoka Japani. Kazi za ndani ya TV nilizifanya kwa kupapasa. Nilimwita Veneranda kila saa: "Hebu njoo uone, hili shati lina rangi gani?" Alijibu na kurudi kwenye mambo yake, ila kila mara alichelewa kidogo zaidi kuondoka mlangoni.

Siku iliyomaliza maficho ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimeletewa TV kubwa iliyokuwa imewaka muda mfupi tu kabla. Ubavuni mwa kioo mna kofia ya mpira. Chini yake ndipo umeme mkali unapoingia. Kabla ya kuigusa unaunganisha waya kwenye chuma cha fremu, ncha ya pili kwenye bisibisi, kisha unaichomeka bisibisi chini ya kofia ile ili umeme ukimbilie kwenye chuma. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi kuliko nilivyosali. Niliona nimebana waya kwenye chuma. Nilikuwa nimeubana kwenye plastiki ya kijivu.

Sikusikia mlio. Nilijikuta nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, bisibisi iko upande wa pili wa chumba, na mkono wangu wa kulia unacheza peke yake kama samaki. Ulimi ulikuwa na ladha ya shaba. Veneranda alikuwa amepiga magoti mbele yangu akinipiga mashavu.

"Magesa! Magesa! Nitazame!"

"Nakutazama."

"Nimevaa kitenge cha rangi gani?"

Niliona rangi, lakini sikuthubutu kuitaja. Tangu tuoane sikuwahi kulia mbele yake mpaka siku ile.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini, mimi?"

"Niliogopa kwamba ukijua, itakuwa kweli."

Alikaa pale sakafuni kando yangu. Hakunifariji. Alisema, "Imekuwa kweli siku nyingi, baba. Mimi ndiye niliyekuwa nasubiri uniambie." Jumatatu yake alinishika mkono wa shati mpaka hospitali, kama mtu anayempeleka mwizi kituoni.

Daktari alikuwa mama mwembamba mwenye haraka. Alinimulika kila jicho kwa tochi yake, akasema, "Mtoto wa jicho. Yote mawili. La kushoto limekomaa."

"Nitakuwa kipofu?"

"Usipopasuliwa, ndiyo."

Nilimwambia kuhusu baba. Akasema huenda hata baba angeweza kusaidiwa. Sijui kama alitaka kunitia moyo. Sentensi ile ilinikaa kifuani kwa miaka.

Mabatini walisema wakikupasua wanalitoa jicho, wanalisuuza kwenye beseni, wanalirudisha, na wakikosea wanalirudisha kinyume. Nilicheka wakati ule. Nilipolazwa kitandani sikucheka. Wanakuchoma sindano karibu na jicho na unabaki macho, unasikia kila kitu. Nilisikia vyuma vikigongana kwenye sahani. Nilisikia daktari akisema, "Hapana, lete ile ndogo," na nikawaza, kwa nini hapana? Ile kubwa alitaka kufanyia nini? Miguu ilitetemeka mpaka nesi akaikalia. Yule daktari, bila kuacha kazi, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia natengeneza TV.

"Na mteja akitingishika unamfanyaje?"

"TV haitingishiki, daktari."

"Basi uwe TV."

Nikawa TV.

Walipofungua bandeji, kitu cha kwanza kuona ni gauni la nesi. Lilikuwa buluu, buluu ya anga ya asubuhi. Nikamwuliza, "Dada, mbona leo mmebadilisha sare?" Alicheka. "Ni nyeupe, mzee. Wote mnatuuliza hivyo. Utazoea."

Nililia kwa furaha labda dakika moja. Kisha furaha ikakatika, maana nilikumbuka nyumba za wateja. Kama hii ndiyo nyeupe, basi kwa muda wa mwaka mzima na zaidi nimekwenda nyumba kwa nyumba nikiwapaka watu rangi ya maiti, nikaambiwa, na nikawaambia wao ndio hawaoni.

Jicho la pili lilipopona nilianza kuzunguka. Kugonga mlango wa mtu na kusema "nilikosea, naomba nirekebishe bure" ni kazi ngumu kuliko kofia ile ya mpira. Wengine walicheka. Mmoja Igoma alinifukuza, akasema mkewe ameshazoea na akibadilishiwa atasumbua. Mama Bigambo nilimwambia ukweli mzima. Alinipa ugali na sato, akasema alikuwa ameshajua siku ile, ila mtu hasukumwi kwenye jambo kama lile. Sikujua nimshukuru au nimlaumu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa Buhongwa, kwa Mwalimu Masalu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alinipokea na binti yake mkubwa, Kabula, mwanamke wa makamo aliyerudi kukaa na baba yake. TV ilikuwa pale sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma mpaka chini, na juu ya kitambaa pamewekwa Biblia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu, fundi. Hiyo hatuiwashi siku hizi."

Nilianza maneno yangu niliyoyazoea: macho, mtoto wa jicho, buluu. Niliona Kabula ameacha kuchambua mchele. Mwalimu alininyooshea mkono ninyamaze.

"Rudia hapo. Unasema ile rangi ilikuwa ya TV?"

"Ndiyo, mwalimu. Ni mimi niliyeiweka."

"Haikuwa kwenye kanda?"

"Kanda ipi?"

Wakatazamana. Kabula ndiye aliyesema. Walikuwa na kanda moja ya video, ya harusi ya mdogo wake, na ndani yake mama yao alikuwa anacheza. Mama alifariki mwaka uliofuata. Picha nyingine inayotembea hawakuwa nayo. Baada ya mimi kuitengeneza TV yao, waliiweka siku moja jioni ndugu wote wamekaa. Mama akatokea anacheza, ana uso wa siku ile walipomuaga kanisani.

"Alikuwa anacheka," Kabula alisema, "na amekufa."

Ndugu wengine walikimbia nje. Shangazi alisema marehemu hajapumzika, amerudi kudai. Walitoa misa. Waliiweka tena baada ya misa, akawa vilevile.

"Iko wapi hiyo kanda?" niliuliza.

"Niliichoma," alisema Kabula. "Nyuma ya jiko."

Nimewahi kupigwa na umeme, nimepasuliwa macho yote nikiwa macho, lakini woga wa kweli niliupata pale, nikiwa na mkoba wa vifaa mapajani, mbele ya watu wawili wasionifokea. Laiti wangenifokea.

Mwisho mwalimu alisema, "Tengeneza."

Waliondoa Biblia na kitambaa. TV yao ilikuwa ya zamani kidogo, skrubu za rangi ziko nyuma, na kwa kawaida niliweka kioo cha kujitazamia mbele ili nione picha nikiwa huko nyuma. Siku ile sikukitoa. Nilimwomba Kabula akae mbele. "Mimi nitazungusha. Wewe ndiye utaniambia."

Kwenye TV dada mmoja alikuwa anasoma habari. Nilizungusha kidogo.

"Bado," alisema Kabula. "Bado. Bado." Kisha akainama mbele. "Rudisha kidogo. Hapo. Acha hapo."

Nilitoka nyuma nikipangusa mikono. Kwenye kioo palikuwa na mwanamke mweusi wa kawaida, ana rangi ya damu inayotembea chini ya ngozi. Mwalimu Masalu alikuwa amesimama karibu sana na kioo, karibu kuliko inavyoshauriwa. Alimtazama yule dada mpaka habari zikaisha. Kisha akanyoosha mkono akaizima TV mwenyewe, akamgeukia binti yake, si mimi.

"Kabula," alisema, "basi mama yako alikuwa amepumzika."